Ploti, Kituo na Mshororo: Juu ya Asili ya Maneno Yenye Maana Nyingi

Katika semina za uhakiki za vyuo vikuu vya Nairobi, neno ploti hutamkwa kwa heshima. Humaanisha mpangilio wa matukio ya hadithi kwa misingi ya usababishi, na hakuna mwanafunzi anayedaiwa kulitetea. Mwanafunzi huyo huyo akipanda matatu ya namba 46 jioni kurejea Kawangware, hukutana na ploti nyingine: ua mmoja, safu mbili za vyumba vya kupangisha vilivyotazamana, bomba moja la maji, na msimamizi anayekusanya kodi kila mwisho wa mwezi. Njiani amesoma bango linalotangaza ploti ya tatu, yaani kipande cha ardhi cha futi 50 kwa 100. Na katika viti vya nyuma vijana walikuwa wakiulizana ploti ya Jumamosi ni ipi, wakikusudia mpango wa starehe.

Mwanafunzi huyu akiandika insha na kulitumia neno hili kwa maana ya kwanza, hupata alama. Akilitumia kwa maana ya pili au ya nne, hupigiwa mstari mwekundu. Sababu inayotolewa ni kwamba maana ya kwanza ni istilahi, na nyingine ni uchafuzi wa mitaani. Hukumu hii imezoeleka mno hata haihojiwi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hukumu hiyo haina msingi wa kihistoria, kwamba imejengwa juu ya heshima inayopewa Kiingereza na kunyimwa lugha ya jiji, na kwamba idara zinazoitoa hazijafanya kazi ambayo ingezipa haki ya kuitoa.

Historia ya neno lenyewe inatosha kuanzisha kesi. Katika Kiingereza cha kale, “plot” lilikuwa kipande cha ardhi, wala si zaidi. Kutoka ardhi likahamia kwenye ramani ya ardhi, na kutoka ramani likahamia kwenye mpango. Kufikia karne ya 16 mpango huo ulikuwa umekuwa njama, pengine kwa kusaidiwa na neno la Kifaransa “complot”. Ni katika karne ya 17 ndipo neno lilipowekwa imara katika mpango wa mchezo na wa hadithi. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Kawangware anashikilia maana iliyo karibu zaidi na chimbuko. Vijana wa viti vya nyuma wanashikilia maana ya kati, ile ya mpango. Mhakiki ndiye aliyefika mwisho. Ikiwa ukongwe ndio kigezo cha uhalali, basi mstari mwekundu ulipaswa kuanzia kwenye ubao wa semina.

Kanuni ya asili na udhaifu wake

Wanafunzi wa isimu hufundishwa kwamba maneno yenye umbo moja na maana nyingi ni ya namna mbili. Maana zikiwa zimechipuka katika shina moja, kuna polisemia, istilahi iliyoanzishwa na Mfaransa Michel Bréal mwaka 1897. Maneno ya asili mbalimbali yakiwa yamekutana katika umbo moja kwa sadfa, kuna homonimia. Mfano unaopendwa sana na vitabu vya semantiki ni “bank” la Kiingereza, ambalo ni ukingo wa mto na pia ni nyumba ya fedha. Husemwa kuwa hayo ni maneno mawili yasiyo na udugu.

Mfano huo unawasaliti wanaoutumia. “Bank” la mto liliingia Kiingereza kutoka katika lugha za Skandinavia. “Bank” la fedha lilipitia Ufaransa kutoka Italia, ambako “banca” ilikuwa meza ya mbadilishaji fedha sokoni. Lakini Waitaliano nao waliipata “banca” kutoka kwa makabila ya kaskazini, katika shina lile lile la jamii ya lugha za Kijerumani lililozaa ukingo wa Waskandinavia na “bench” ya Waingereza. Ukingo, benki na benchi ni watoto wa babu mmoja waliopotezana njiani. Kwa kanuni ya asili, mfano mashuhuri wa homonimia si homonimia.

Upande wa pili haukai vizuri zaidi. “Pupil” ni mwanafunzi, na “pupil” ni mboni ya jicho. Maneno yote mawili yanarudi kwenye Kilatini “pupilla”, yaani msichana mdogo, hasa yatima aliye chini ya mlezi. Mboni iliitwa hivyo kwa sababu ya kile kisura kidogo anachokiona mtu anapotazama ndani ya jicho la mwenzake. Asili ni moja, lakini hakuna Mwingereza wa leo anayeuona uhusiano huo asipoelezwa. Kinyume chake ni “ear”. Sikio na suke la nafaka yalikuwa maneno mawili tofauti katika Kiingereza cha kale, ila wasemaji wengi wa leo hudhani suke limeitwa hivyo kwa kuwa linachomoza kwenye bua kama sikio kichwani. Palipo na udugu, wasemaji wameusahau. Pasipo na udugu, wameubuni. John Lyons, katika kitabu chake “Semantics” cha mwaka 1977, alikwisha kuonyesha kwamba kipimo cha asili pekee hakiwezi kuamua jambo hili. Hata hivyo, kipimo hicho kinaendelea kukaririwa madarasani kana kwamba ni mizani ya dhahabu.

Yapo maneno ya Kiswahili ambayo kipimo hiki huyafaa. Meza ya kulia chakula ilitoka kwa Wareno, “mesa”, waliofika pwani hii mwaka 1498. Kumeza chakula kilicho juu yake ni kitenzi cha Kibantu kilichokuwapo kabla ya jahazi lolote la Wareno. Hapa asili ni mbili na ushahidi upo. Lakini kina je? Kina cha bahari na kina cha ubeti ni neno moja au mawili? Ngeli ni moja na wingi ni mmoja, kwa hiyo sarufi haisemi kitu. Anayejibu kwa hisia atapata jibu analolitaka. Jibu la kitaalamu halina njia nyingine isipokuwa kuzifuata maana hizo mbili katika maandishi, mwaka kwa mwaka, kuona ipi ilitangulia na ipi iliegemea nyingine. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayokosekana, na pengo lake hujazwa kwa amri.

Steji na kituo

Chukua neno jingine linalosikika kila dakika katikati ya jiji, kuanzia Kencom hadi Odeon: steji. Mlinzi wa usafi wa lugha atasema kwamba “stage” ni jukwaa la kuigizia, kama lile la Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza lililofunguliwa mwaka 1952 mkabala na hoteli ya Norfolk, na kwamba makanga waliligeuza kuwa mahali pa kupandia matatu kwa kutojua. Hukumu hiyo ingekuwa na uzito kama ingekuwa kweli. “Stage” limetoka katika Kifaransa cha kale, nacho kililipata kutoka kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusimama. Katika karne ya 17 Waingereza walikuwa wakiliita hivyo pahali pa kupumzikia safarini, na magari ya farasi yaliyosafiri kutoka pumziko hadi pumziko yakachukua jina lake. Mahali pa kusimama ndicho kiini cha neno. Jukwaa la mwigizaji ni tawi moja tu. Kondakta anayeita abiria wa Kangemi hakulipotosha neno. Amelisimamisha palepale lilipozaliwa.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba Kiswahili kilikwisha kuipita njia hiyo bila kuonyeshwa na mtu. Kituo ni pale mtu anapotua mzigo. Kutokana na kitenzi hicho kikapatikana kituo cha magari, kituo cha polisi, kituo cha mwandishi mwishoni mwa sentensi, na kituo cha mshairi, yaani mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti. Hakuna mhakiki aliyewahi kulalamika kwamba washairi waliliiba neno la wachukuzi. Maana hizo huitwa utajiri wa lugha. Steji, ambalo limefuata mantiki ile ile hatua kwa hatua, huitwa umaskini wa msamiati. Tofauti kati ya maneno haya mawili haimo katika semantiki. Imo katika mtu anayelitamka.

Hata jina la Odeon lina funzo. Kwa Wayunani lilikuwa jumba la kuimbia. Katika karne ya 20 likawa jina la majumba ya sinema Uingereza na katika makoloni yake. Nairobi jumba la sinema karibu na Tom Mboya Street likaipa jina steji iliyo nje yake, na leo maelfu ya watu hulitaja kila siku bila kufikiria wimbo wala filamu. Hivyo ndivyo maana zinavyozaliwa: kitu kinakaa karibu na kingine, na jina linavuka.

Vyombo vya mhakiki vilitoka sokoni

Huenda ikajibiwa kwamba istilahi za fasihi ni jambo la pekee, kwa kuwa uhakiki unahitaji maneno yenye mipaka. Jibu hilo linasahau vyombo vyenyewe vya uhakiki wa ushairi wa Kiswahili vilitoka wapi. Mizani ni kipimo cha silabi, na ni chombo cha muuza nyama wa Kangemi. Mshororo ni mstari wa ubeti, na ni foleni ya magari kwenye Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni. Beti ni kifungu cha shairi, na katika Kiarabu “bayt” ni nyumba, tena ni mstari wa shairi. Hata wale waliotaka kulikimbia neno ploti kwa kuona kuwa ni la kigeni, wakalipendelea neno msuko, hawakuikimbia mitaa. Msuko ni kazi ya msusi wa nywele na ya mfumaji wa mikeka kabla haujawa kazi ya mtunzi wa riwaya. Wamelikimbia neno la mwenye ploti wakaangukia saluni.

Wala hawana sababu ya kuona haya. “Text” la Waingereza linatokana na kitenzi cha Kilatini cha kufuma. Lugha mbili zisizo na udugu zilitazama kazi ya mikono ya watu wa kawaida, kila moja kwa wakati wake, zikaona ndani yake mfano wa kazi ya maneno. Uhakiki ungekuwa bubu kama ungeyarudisha maneno yote uliyoazima sokoni, dukani na njiani.

Kwa nini Kiingereza husamehewa

Swali linalobaki ni hili: kwa nini wingi wa maana katika Kiingereza huonekana urithi, na wingi wa maana katika lugha ya Nairobi huonekana ugonjwa? Jibu haliko katika hulka ya lugha hizo. Kiingereza nacho kilikuwa na walinzi wake. Mwaka 1710, katika jarida la “The Tatler”, Jonathan Swift alilishambulia neno “mob” pamoja na mengine ya aina yake, yaliyokatwa na kufupishwa na vijana wa mjini London. Kwa Swift, “mob” lilikuwa kipande cha Kilatini “mobile vulgus”, umma unaoyumbayumba, kilichonyofolewa na watu wavivu. Mwaka 1712 akapendekeza kiundwe chombo cha kurekebisha lugha na kuikaza isibadilike. Chombo hicho hakikuundwa. “Mob” likabaki, na leo hakuna mwalimu wa Kiingereza anayelikata. Nairobi nayo imelipokea na kulisogeza hatua moja mbele: watu mob, pesa mob, yaani wengi, nyingi. Kutoka kuyumba hadi umati, na kutoka umati hadi wingi, hakuna hatua hata moja ya kipumbavu. Lakini hatua ya mwisho, kwa kuwa ilipigwa hapa, ndiyo pekee inayoitwa kosa.

Kilichokipa Kiingereza heshima ni kumbukumbu. Mwaka 1857 Chama cha Filolojia cha London kiliazimia kukusanya maneno ya Kiingereza pamoja na ushahidi wa matumizi yake. Wasomaji wa kujitolea walituma vikaratasi kwa mamilioni, kila kimoja kikiwa na sentensi na tarehe yake. Sehemu ya kwanza ya kamusi ya Oxford ilitoka mwaka 1884, ya mwisho mwaka 1928. Ndani yake maana ya mtaani haikuwekwa nje ya mlango; ilipewa namba na mwaka, kisha ikaachwa ijitetee. Ni kwa sababu ya kamusi hiyo William Empson, aliyewafundisha wahakiki kuheshimu utata wa maana kwa kitabu chake cha 1930, aliweza kurudi mwaka 1951 na kuchunguza muundo wa maneno mazito neno kwa neno. Uhakiki ule unaosifiwa katika silabasi za Nairobi ulisimama juu ya mabega ya vikaratasi.

Kiswahili hakikukosa maandishi. Nakala ya Utendi wa Tambuka ina tarehe ya mwaka 1728. Kimekosa kamusi inayozipanga maana za kila neno kwa tarehe za matumizi yake. Kamusi zilizopo, kuanzia ya Johnson ya mwaka 1939 na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zimefanya kazi kubwa isiyopaswa kubezwa. Lakini vidahizo vyake vinapotenganishwa kwa namba, paa la nyumba huku na paa wa porini kule, msomaji hupewa uamuzi bila ushahidi uliouzaa. Kwa neno la Kiingereza mhakiki anaweza kusema maana hii ilianza lini. Kwa neno la Kiswahili husema inavyompendeza.

Makosa ya pande mbili

Haki inadai kuwasikiliza walinzi. Wanasema kwamba lugha ya shule inahitaji viwango, kwamba mtihani wa kidato cha nne hauwezi kusahihishwa ikiwa kila mtaa utakuwa na maana yake, na kwamba mtoto wa Kawangware asiyefundishwa Kiswahili sanifu anafungiwa mlango ambao mtoto wa Lavington atafunguliwa na fedha za wazazi wake. Hoja hii ya mwisho ni nzito, na anayeipuuza hawatakii mema watoto hao. Lakini kumfundisha mtoto kwamba neno fulani halitumiki katika insha rasmi ni jambo moja. Kumfundisha kwamba neno hilo ni uozo, na kwamba waliomfunza kulisema ni waharibifu, ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni elimu ya rejista. La pili ni uongo wa kihistoria, tena unaofundishwa kwa fedha za umma.

Upande wa pili nao hauna kinga. Kuna wanaoisifu Sheng kana kwamba ilishuka na mvua, muujiza wa vijana wa mjini usio na kifani duniani. Sifa hizo huinyang'anya historia yake kwa upole kama vile lawama zinavyoinyang'anya kwa ukali. Steji si muujiza. Ni neno lililokwenda njia ya kawaida ya maneno. Matatu nalo, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, lilikuwa nauli kabla halijawa gari: sarafu tatu za senti kumi kumi, kwa hesabu ya Kikikuyu. Lilikuwa likitajwa mitaani kabla ya agizo la rais la mwaka 1973 lililoyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni maalumu. Anayeshangilia bila kutafuta tarehe na anayekataza bila kutafuta tarehe wamekaa benchi moja.

Kazi inayodaiwa

Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Idara ilibadilishwa, na kitovu cha fasihi kikahamishiwa Afrika. Ila mamlaka ya Kiingereza juu ya maana hayakuondoka pamoja na jina lililokuwa mlangoni. Yalihamia kwenye kalamu nyekundu. Mwalimu yule yule anayewasifu waandishi wa waraka huo bado anaamini kwamba neno lililobadilika London limekua, na lililobadilika Nairobi limeoza.

Dawa yake haitaki tamko jingine. Inataka vikaratasi. Mbele ya Tom Mboya Street, upande wa Moi Avenue, lipo jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1965. Katika maktaba za jiji yamo magazeti ya Kiswahili kama Baraza, lililoanza mwaka 1939, na Taifa Leo. Ndani ya kurasa hizo zimo barua za wasomaji, matangazo ya ploti, habari za ajali za matatu na malalamiko juu ya steji, kila moja ikiwa na tarehe juu ya ukurasa. Kila mwanafunzi wa uzamili akipewa maneno kumi na kutakiwa kuleta ushahidi wa kwanza wa kila maana, idara moja ingeweza katika miaka michache kuwa na faharasa ambayo hakuna amri ya usafi wala wimbo wa sifa ungeweza kuipuuza. Neno lisilodumu lingeonekana kuwa halikudumu. Neno lililodumu lingekuwa na cheti chake.

Jengo hilo la nyaraka lina jambo moja la kuongeza. Kabla halijawa nyumba ya kumbukumbu lilikuwa la benki. Meza ya mbadilishaji fedha wa Italia ilisafiri hadi ikawa jengo la mawe katikati ya Nairobi, na jengo hilo sasa linahifadhi karatasi badala ya fedha. Nje yake, hatua chache tu, makanga wanaita abiria kwa maneno ambayo bado hayajaandikiwa tarehe. Hadi umbali huo mfupi utakapotembewa, kila mstari mwekundu unaopigwa chini ya neno la mwanafunzi wa Kawangware utabaki kuwa hukumu iliyotolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa.